Mtangazaji Aliyempa Bata Mama

Kabla sijamsema mtu, nianze na ujinga wangu mwenyewe, maana mama ameshaapa kwamba nisipousema mimi atausema yeye, na yeye huusema kwa kirefu. Ijumaa moja, watu wametoka msikitini na wamejaa sebuleni kwetu, wali mdomoni, nilipanda juu ya kiti na soksi zangu za skuli nikawatangazia watu wazima, wenye ndevu na wenye mitandio, kwamba Bata Mwavuli hana mama. Hana, hajawahi kuwa naye, na wala hamtafuti. Bata Mwavuli ni bwana afya.

Nilitegemea kicheko. Kilichokuja ni kimya cha kumsikia jirani yako akimeza. Halafu Daktari, mgeni wetu wa bara, akacheka, peke yake, akaona haya, akaacha. Na mzee aliyekaa karibu na dirisha akaweka kijiko chini polepole, kama mtu anayeweka yai.

Huyo mzee ndiye ninayetaka kumweleza. Kazaliwa wapi, mtoto wa nani, sijui na sitauliza, kwani ukimuuliza Mzanzibari ukoo wa mtu unakosa chakula cha mchana na cha jioni. Sisi tulimwita Mtangazaji. Mimi wakaniita Mchina, kwa sababu nasoma skuli ya Kichina na nakijua Kichina kuliko wao wote, jambo ambalo nilikuwa nalikumbusha kila siku wasije wakasahau.

Kwetu ni chumba na sebule kwenye jengo moja la mtaa wa Huanshi Zhonglu, Guangzhou, China. Baba yuko Unguja anapokea mizigo. Mama yuko hapa anainunua, na siku ya Ijumaa anapikia wafanyabiashara wenzake. Anapika kwa chungu. Chungu cha udongo hasa, alichokibeba kutoka nyumbani kikiwa kimefungwa kanga kama mtoto mchanga, akakigombania kwenye kila uwanja wa ndege. Na kifuniko hakifuniki vizuri. Hukiweka upande, nusu wazi, mvuke unatoka, gesi inaungua bure. Nimemwambia mara ngapi, mama, hii ni sayansi ya darasa la nne. Hunijibu hivyohivyo: "Mwache apumue."

Sasa Mtangazaji. Mwili alipewa wa karani wa posta. Sauti akapewa ya mtu mwingine, mnene, ambaye nadhani mpaka leo anazunguka mahali fulani duniani akilalamika kwa kauli nyembamba. Ndani ya lifti akisema tu "samahani, nakanyagwa," wanawake wa Unguja waliosimama nyuma yake hushika vifua: "Yarabi! Si Bata Mwavuli huyu?" Alikuwa mtu anayejulikana kwa masikio. Mtu anaweza kumpita njiani mara tatu asimwone, halafu akamsikia akiagiza chai, akamwangukia mikononi.

Na kila kitu alikitangaza. Hakuweza kusema "mvua inanyesha", alisema, "Mvua inaendelea kunyesha katika maeneo ya Huanshi Zhonglu na vitongoji vyake." Akipiga chafya alinyamaza kidogo baadaye, kama anayempisha mtu wa matangazo ya biashara. Alikula kwa kijiko, peke yake katika watu wanaokula kwa mkono, akidai mkono wa mtangazaji ni wa kushikia karatasi. Karatasi yenyewe hakuwa nayo tena. Kazi ya televisheni aliiacha zamani, sasa alikuwa anawapeleka wageni Shiling kwa basi kununua mikoba na mabegi. Kijiko kikabaki.

Siku moja walimwomba aadhini pale sebuleni, watu wasali jamaa. Aliadhini vizuri mno, machozi yakawalenga wanaume. Tatizo, wanawake waliokuwa jikoni wote waliinama wakachungulia chungu. Hakuadhini tena.

Ili mwelewe kwa nini walichungulia, nieleze Bata mwenyewe. Hii nimesimuliwa mpaka nimechoka, kwa hiyo nafupisha. Mama alipokuwa mtoto Unguja, televisheni ilikuwa mpya, na filamu zilikuwa zinatoka China kwenye makopo ya bati kama samli. Kopo moja lilikuwa na katuni. Bata mnene, tumbo linaburura chini, ana mwavuli wa karatasi, anapita kijiji baada ya kijiji, anaingia nyumba za watu, anafunua vyungu, anatikisa kichwa, anaondoka. Filamu ilikuwa kwa Kichina, wala haikuja na karatasi ya maelezo. Wakamweka Mtangazaji kwenye kiti, akavaa visikilizio masikioni, akawa anasema kwa Kiswahili bata anasema nini.

Na bata alikuwa anasema anamtafuta mama yake. Upepo ulimchukua mama, ukamwachia mwavuli. Kila Alkhamisi alifunua chungu cha mtu, akauliza, "Bibi, humu hamna mama yangu?" Bibi wa kwenye filamu alitikisa mikono, Mtangazaji akasema kwa sauti ya bibi, "Hamna, mwanangu, jaribu nyumba ya pili." Watoto wa Unguja walilia wakalowesha mikeka. Kisha kukawa na jambo ambalo duniani haliko isipokuwa kwao: Alkhamisi jioni watoto waliacha vifuniko vya vyungu nusu wazi, ili Bata akipita mtaani kwao asipate taabu ya kufunua. Mji mzima wali ukakauka. Wazazi walipiga, wakachoka kupiga, wakaanza kula ukoko.

Halafu makopo yakaisha. Labda unyevu uliyala, labda hayakuwahi kuletwa mengine. Bata alibaki njiani na mwavuli wake, na mama hajapatikana. Kizazi kizima kiliota ndevu, kikaoa, kikafungua maduka, na swali hilo bado limewakwama kooni kama mwiba wa changu.

Bibi yangu mzaa mama, niwaambie hili nalo, alikwenda Maskati kwa wiki mbili mama akiwa na miaka saba. Hizo wiki mbili bado hazijaisha.

Basi. Nilisema nitamweleza Mtangazaji, na kumweleza ni lazima nifike kwenye Kichina chake. Hakuwa nacho. Hakuwa nacho kwa kiwango cha kutisha. Mgeni aliyeshuka kwenye ndege asubuhi, jioni anajua kusema *meiyou*, kwa sababu ndilo neno analoambiwa kila duka anapotaka punguzo, hamna, hamna. Mtangazaji hata hilo alilitamka kama jina la mtu. Alinunua mayai kwa kulia kama kuku. Nimeona kwa macho yangu: mzee mzima, kanzu, kofia, amesimama mbele ya mwenye genge anatetea, halafu ananyoosha vidole sita. Siku akitaka nyama ya mbuzi nilikuwa natoka skuli mbio nisikose.

Shiling alipatana bei kwa Kiswahili. Alimshika laoban, mwenye kiwanda, begani, akamwangalia kwa huruma, akasema kwa ile sauti ya saa mbili usiku: "Laoban, hii si ngozi. Hii ni plastiki iliyopata elimu." Laoban hakuelewa hata herufi, lakini ile sauti ilimfanya ajihisi kuna msiba serikalini, akashusha bei.

Alikuwa na misemo yake. "Habari isiyothibitishwa ni mwizi aliyevaa suti." "Mwenye njaa usimjibu kwa maneno." Na alichukia uongo, huyo mtu! Bi Madera, rafiki wa mama anayenunua nguo Guangyuan Xilu, aliwahi kupewa mkoba mmoja zaidi kwa makosa. Mtangazaji alimrudisha Shiling kwa basi, njia nzima, mvua juu, auregeshe. Bi Madera mpaka leo akiuona mkoba wa rangi ile anasonya. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekaa mbele ya maikrofoni na kuudanganya mji mzima kuhusu bata. Nilipoligundua hilo nilihisi nimeokota lulu. Sikuwa nimeokota lulu. Lakini subirini.

Habari ya Bata kufufuka aliileta Bi Madera huyohuyo, kutoka Shiling, kwa namna ya begi la skuli. Alilitupa katikati ya mkeka, juu kabisa ya sahani ya kachumbari.

"Mtazameni! Wamemfanya nini mtoto wa watu?"

Ubavuni mwa begi kulikuwa na bata. Mwembamba. Ana miwani ya jua. Ana raba miguuni. Mwavuli kaulaza begani kama bunduki. Laoban alikuwa ameandika, mimi nikatafsiri kutoka kwenye kijikaratasi kilichoning'inia kwenye zipu, kwamba ile katuni ya zamani inatengenezwa upya, itatoka kwa diski kabla skuli hazijafunguliwa, na mabegi ndiyo yanaitangulia.

Wali ulipoa siku hiyo.

"Kakonda," mama alisema. "Huyu hali."

"Atakula wapi na mama hajampata?" Bi Madera akajibu. "Lakini raba! Bata kuvaa raba! Atapiga mbizi vipi?"

"Na hiyo miwani. Kesho watampa sigara."

"Labda ndiyo mambo ya kisasa," akasema Daktari. Daktari anasomea udaktari, mtu wa bara, yuko hapa kwa ufadhili na kwa njaa. "Mimi naona kapendeza."

"Wewe nyamaza," Bi Madera akamwambia. "Nyinyi bara hamkuwa na televisheni. Wewe hukuwa na utoto."

"Tulikuwa na redio, dada."

"Redio ina chungu?"

Wakaendelea hivyo mpaka chai. Kuna waliotumaini: safari hii atampata, Wachina hawaachi kazi nusu. Kuna walioogopa: je, wakionyesha kwamba mama alikufa zamani? Je, wakionyesha kaolewa Hong Kong ana watoto wengine? Mwanamume mmoja mwenye kontena mbili baharini, ambaye huko nyuma sikuwahi kumsikia akisema lolote lisilo bei, alisema kwa unyonge kwamba kama mama hamtambui Bata kwa sababu ya ile miwani, yeye hataki kuona.  Mama alikuwa ameshika begi, anasugua tope la kachumbari kwenye uso wa yule bata kwa ncha ya kanga.

Mwisho wote wakamgeukia Mtangazaji. "Wewe uliyekaa naye, unaonaje? Atampata?"

Mtangazaji alifuta kijiko chake. "Tusubiri taarifa kamili," akasema. Lakini sauti ilitoka ndogo, ikalingana na mwili, na hilo lilinishtua.

Alinikuta ukumbini, nje ya mlango, nikijaza birika. "Bwana mdogo, unaweza kutunza siri?"

"Naweza."

Aliniangalia kwa muda kama laoban anayeangalia noti. "Karibu na stesheni ya treni wanauza diski za filamu za zamani. Jumamosi twende, tuinunue ile ya mwanzo. Tukaitazame chumbani kwangu, wewe na mimi. Unieleze wanasema nini. Polepole." Akashusha sauti zaidi. "Nimekaa na huyu bata miaka mingi, na sijui alikuwa na shida gani. Hii mpya watu wataielewa. Vijana wanaojua Kichina kama wewe wamejaa. Bora nijue mapema nitaumbuka kwa jambo gani."

Siri kwa mtu kama mimi ni paka ndani ya shati. Jumamosi ilikuwa mbali. Alkhamisi nilitoka skuli nikaenda stesheni mwenyewe, nikanunua diski, nikaitazama mama akiwa sokoni, nikacheka mpaka nikapata kwikwi. Bata anafunua chungu, anamwambia bibi, "Ndugu, maji haya hayajachemka." Bibi anatikisa mikono. Bata anaongeza, "Na choo chenu kiko karibu mno na kisima." Nyumba ya pili, panya. Nyumba ya tatu, kunawa mikono. Mji mzima wa Unguja ulikaa mikekani ukalia kwa uchungu juu ya choo!

Nikajiambia utani mzuri kama huu haungoji Jumamosi. Ijumaa, sahani zimeshashushwa, nikaweka diski kwenye deki. Sauti nyororo zikawatoka wale watu wazima: "Bata! Bata wetu!" Wakaacha kula. Nikaangalia dirishani; Mtangazaji alikuwa ananiangalia mimi, siyo televisheni, na alitikisa kichwa kidogo sana. Nilikiona kile kichwa. Nikapanda kiti.

Yaliyobaki mnayajua. Sikutafsiri tu, niliigiza. Nilifanya sauti yake, ile nene, "Bibi, humu hamna mama yangu?" halafu nikafanya sauti ya bwana afya, "Ndugu, choo!" Nilikuwa mzuri, hilo hata maadui zangu watakubali.

Mtangazaji alisimama, akaenda kunawa mkono ambao haukuwa na chakula, akavaa viatu. Mlangoni akageuka. "Na huo," akasema, "ndio mwisho wa taarifa." Akafunga mlango taratibu. Angeubamiza ningejisikia vizuri zaidi.

Ijumaa iliyofuata hakuja. Iliyofuata pia. Watu walikuja, wakala haraka, wakasema kazi nyingi. Hata lile neno bata lilikatazwa bila mtu kulikataza; Daktari alisema siku moja anataka kununua viatu, akataja jina la kampuni, watu wakakunja nyuso.

Nilimngoja mama anipige. Hakunipiga. Alikuwa anakuna nazi.

"Wewe ulidhani," akasema bila kuinua uso, "tulikuwa tunadhani anajua Kichina?"

"Nyinyi si mlikuwa mnaamini..."

"Mtu anayenunua yai kwa kulia kama kuku? Mchina, hata mjini kwetu tulijua. Mke wake mwenyewe alikuwa akitucheka gengeni. Daktari peke yake ndiye hakujua, naye wa bara."

Hapo nikakasirika kweli, maana hakuna kitu kibaya kama kufichua jambo linalojulikana. "Basi kwa nini mlinyamaza miaka yote?"

"Kwa sababu Bata alikuwa hajafika," akasema. "Wewe ukaenda ukamshusha njiani."

Adhabu yangu ikawa sahani. Kila Ijumaa, kabla mimi sijala, nimpelekee Mtangazaji chakula huko Guangyuan Xilu, ambako sasa alikuwa anashinda kwenye ngazi za duka moja la jumla, akisimamia marobota ya wageni. Nikifika hupokea sahani, husema "mshukuru mama," na kuniregeshea ya wiki iliyopita, imeoshwa. Mimi hanioni. Mtu aliyetangaza mpaka chafya zake, kwangu hakutangaza hata salamu. Wapagazi walikuwa wanatupita na marobota mgongoni wakipiga kelele tupishe njia, na mimi nikapenda wapite polepole, wajaze kile kimya.

Diski mpya ikatoka. Niliinunua siku ileile, nikaitazama peke yangu yote, na safari hii sikucheka. Ilikuwa mbaya hasa. Bata ameacha kazi ya afya, sasa ni mpelelezi, anafunua vyungu kutafuta kitu kilichoibwa, anaimba kila akigeuka, anaruka ukuta kwa zile raba. Mama? Hakuna mama. Nikaingiza diski mfukoni nikaenda na sahani.

Mtangazaji alikuwa amekaa juu ya robota. Nilimpa chakula, nikasimama palepale.

"Shikamoo, mzee."

Akala kijiko kimoja. "Marahaba," akasema. Ilikuwa ya kwanza kwa muda mrefu.

"Mzee, kwa nini ulisema anatafuta mama? Ungeweza kusema anatafuta chakula."

 Alitafuna, akatazama barabara. "Walinikalisha, taa ikawaka. Sielewi neno. Namwona mtoto anaingia nyumba za watu, anafunua vyungu, hali kitu, anatoka na huzuni. Hebu nambie wewe mwenye akili. Mtoto mwenye njaa angekula. Yule hakula. Mtoto anayefunua chungu na asile anatafuta nini?"

Nikaitazama sahani yake.

"Anamtafuta aliyekuwa akimpikia."

Mpagazi mmoja akatupigia kelele, tukahamisha miguu. Nikatoa diski. Nikamweleza yote: upelelezi, nyimbo, raba. Alisikiliza kama mtu anayesomewa majibu ya hospitali.

"Na mwisho wake?" akauliza. "Mwisho kabisa wa filamu, nani yupo?"

"Hamna mtu wa maana. Anaingia mkahawani, anafunua chungu. Anatoka bata mkubwa wa kike, mwenye mkahawa, anamkimbiza."

Kijiko kikasimama hewani. "Mkubwa kiasi gani?"

"Mnene. Ana aproni."

"Anamkimbiza na nini?"

"Na mwiko."

"Na mwiko," akasema. Akaweka sahani juu ya robota. Uso wake wa karani ukaanza kufunguka upande mmoja, kisha wa pili. "Na mwiko! Mjinga wewe, si ndiye huyo!"

Ijumaa iliyofuata alikuja. Mama alikuwa amepita kwa kila mtu kumwambia. Sijui aliwaambia nini, ila hapakuwa na mahali pa kuweka mguu. Yule mwenye kontena alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, kama mtu anayetaka kukimbia mapema. Mtangazaji aliniomba visikilizio vya redio yangu. Akavivaa. Waya ulimning'inia tumboni, haukuchomekwa popote, na watu wote wakauona ule waya.  Nami nikachukua rimoti, nikaua sauti ya Kichina.

"Miaka mingi imepita," ile sauti ikasema, nene, ya mtu mwingine, na nikaona mikono ya watu wazima ikikamatana. "Bata Mwavuli amekonda kwa safari. Miwani hii ameivaa ili watu wasiyaone macho yake."

"Nilijua mimi!" akanong'ona Bi Madera.

"Nyayo zimekwisha kwa kutembea, msamaria akamvika viatu. Na mwavuli ameuweka begani, kwa kuwa mkono umechoka."

Akawatengenezea kila kitu kilichowatia hofu, kimoja baada ya kingine. Bata alipoimba, Mtangazaji alisema anaomba dua. Aliporuka ukuta, amesikia harufu ya wali. Tukafika mkahawani. Bata akafunua chungu. Bata mkubwa akatokea na mwiko, domo wazi.

"Wewe! Nani kakufundisha kufunua chungu cha watu?"

Mtangazaji akaisogelea televisheni. Kwenye televisheni mwiko ulikuwa juu. Kisha, kwa sauti ndogo, ile ya mtoto, ambayo sikujua kama bado anayo:

"Ni wewe, mama."

Filamu haikujali, yule bata mkubwa akaanza kumkimbiza kuzunguka meza, anamtwanga kichwani. "Anampiga," Mtangazaji akatangaza. "Na ni haki yake. Mama akimpata mtoto aliyepotea, humpiga kwanza." Bi Madera akacheka na kulia kwa pua moja. Yule mwenye kontena alikuwa ameufunika uso kwa kofia yake.

Ndipo Daktari, Mungu amsamehe, akaniuliza kwa sauti, "Mchina, hebu, ndivyo wanavyosema kweli?"

Sebule nzima ikanigeukia. Mtangazaji akanigeukia, na waya wake. Midomo ilikuwa inasogea kwenye kioo. Mwenye mkahawa alikuwa anasema ataita polisi, supu imeingia manyoya. Nakijua Kichina kuliko wote, nimeshawaambia.

"Neno kwa neno," nikasema.

Mtangazaji akavua visikilizio, akanipa mkononi. "Na huo ndio mwisho wa taarifa," akasema, lakini safari hii akaketi, akala, tena kwa mkono. Bi Madera aliagiza yale mabegi ya bata mwenye raba palepale. Na mwezi ule Mtangazaji akarudi Unguja moja kwa moja, Guangzhou ikabaki na watu wasioijua hali ya hewa.

Mama hakuwa amekaa nasi. Alitazama yote kutoka mlango wa jiko, amesimama, mwiko mkononi. Watu walipokwisha kuondoka nilikwenda kumwangalia, nikijiandaa kwa mzaha fulani kuhusu machozi, lakini hakuwa na machozi. Alikuwa amekiegemea kizingiti, anaangalia chungu, mvuke unatoka pembeni kama siku zote. Alivuta pumzi, akanipa mwiko.

"Kafunike chungu," akasema. "Wali unapoa."